WAPISHENI VIJANA
Habari za Bibi Berthe Weill, mwenye duka la picha katika mji wa Paris

Ndugu wasomaji, katika biashara kuna watu wa namna mbili. Yuko auzaye kitu ambacho thamani yake imekwisha julikana na watu wote, kama dhahabu au karafuu. Huyo kazi yake ni kupima na kupatana bei. Na yuko auzaye kitu ambacho thamani yake haijajulikana bado, na yeye karibu peke yake ndiye anayeiona. Huyo kazi yake ni kungoja, na pengine hungoja mpaka akafa. Mwezi huu tumependa kuwaletea habari za mmoja wa watu wa namna hii ya pili. Jina lake ni Berthe Weill, naye alikuwa na duka la picha katika mji wa Paris, Ufaransa, kwa muda wa miaka karibu 40, tangu mwaka 1901.

Huenda msomaji akauliza: Picha za Paris zatuhusu nini sisi? Tunajibu ya kwamba hatuziandiki habari hizi kwa ajili ya picha zenyewe, bali kwa ajili ya biashara, uaminifu na wema. Twajua ya kuwa jambo la kuchora sura za viumbe lina maneno yake miongoni mwa Waislamu, na wanavyuoni wamekwisha lieleza. Leo hatuufungui mlango huo. Lakini pwani yetu nayo ina sanaa zake. Iko milango ya nakshi ya Unguja na ya Lamu, ziko hati nzuri za Kiarabu zilizochorwa kutani na vitabuni, iko mikeka ya rangi na kofia za kushona kwa mkono. Kila nyumba yenye kijana fundi imepata kujiuliza swali moja: Ni nani atakayeinunua kazi yake siku ya kwanza, kabla hajajulikana? Bibi Weill alilijibu swali hilo kwa umri wake wote, na jibu hilo lilimgharimu sana.

KUZALIWA KWAKE NA KUJIFUNZA KAZI

Alizaliwa Paris tarehe 20 Novemba, 1865, katika jamaa ya Kiyahudi yenye asili ya jimbo la Alsace. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri, na watoto walikuwa wengi. Kwa hivyo alipokuwa angali kijana alipelekwa kujifunza kazi katika duka la jamaa yao mmoja aitwaye Salvator Mayer, aliyekuwa akiuza vitu vya kale na picha za kupiga chapa. Duka la namna hiyo ni chuo kwa mtu mwenye macho. Humo hujifunza kutambua kitu cha asili na cha kuigizwa, kitu kilichotengenezwa kwa mkono stadi na kilichotengenezwa kwa haraka. Hujifunza pia kumtambua mnunuzi wa kweli na yule aliyeingia kupitisha wakati tu.

Mayer alipokufa, Bibi Weill alifungua duka lake mwenyewe la vitu vya kale katika njia iitwayo rue Victor-Massé, chini ya kile kilima cha Montmartre ambako mafundi wengi wa picha walikuwa wakikaa kwa sababu kodi ya vyumba ilikuwa rahisi. Kisha tarehe 1 Desemba, 1901, akaligeuza duka lile kuwa nyumba ya maonyesho ya picha za vijana. Fedha ambazo zingekuwa za ndoa yake ndizo zilizoingia katika biashara. Hakuolewa tena maisha yake yote. Duka likawa nyumba yake na watoto wake.

Juu ya mlango aliandika "B. Weill" basi. Mpita njia hakuweza kujua kama hiyo B. ni ya mwanamume au ya mwanamke. Zama zile biashara ya picha katika Paris ilikuwa mikononi mwa wanaume, na mwanamke asiye na mume, asiye na mali, mfupi wa kimo, mwenye miwani mizito, hakutazamiwa kufanikiwa humo. Sisi Waislamu hatuna haja ya kustaajabu tukisikia mwanamke amesimamia biashara yake mwenyewe, kwa kuwa Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa mfanya biashara mkubwa katika Makka, akiwapa watu waaminifu mali yake wasafiri nayo. Lakini katika Ufaransa ya siku zile jambo hili lilikuwa geni, na geni halikosi maneno.

Juu ya kadi za duka lake alipiga chapa maneno machache ya Kifaransa, ambayo kwa lugha yetu ni kama kusema: Wapisheni vijana. Yalikuwa maneno ya tangazo la biashara, lakini yeye aliyashika kama mtu ashikavyo nadhiri.

KIJANA MGENI KUTOKA HISPANIA

Katika mwaka 1900 aliwasili Paris kijana mmoja wa Kihispania, umri wake miaka 19, asiyejua Kifaransa wala kujulikana na mtu. Mtu mmoja wa Catalonia aitwaye Pere Mañach alimwonyesha Bibi Weill kazi za kijana huyu. Bibi Weill akanunua picha tatu za mchezo wa mafahali kwa faranga 100, akaziuza kwa faranga 150. Baadaye kidogo akaiuza picha yake nyingine kubwa, iliyoonyesha watu wakicheza dansi usiku, kwa faranga 250. Aliyeinunua alikuwa Arthur Huc, mwenye gazeti katika mji wa Toulouse. Kijana yule ndiye Pablo Picasso, na picha ile ya dansi leo iko katika jumba la Guggenheim, New York. Bibi Weill alikuwa mwuzaji wa kwanza wa Paris kuuza kazi za Picasso, kabla hata duka lake halijageuzwa kuwa nyumba ya maonyesho.

Mwaka 1902 akawa mwuzaji wa kwanza kuuza picha ya Henri Matisse, ambaye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto na mifuko mitupu. Rafiki zake Matisse nao wakapewa nafasi dukani humo. Mwaka 1905 vijana hao walipoonyesha kazi zao katika maonyesho makubwa ya vuli, watu wa magazeti waliwacheka kwa ukali wa rangi walizotumia, wakawaita wanyama wakali. Bibi Weill hakungoja kicheko kipoe. Alizitundika picha zao kutani kwake katika majira yale yale.

Kuta zenyewe hazikuwa nyingi. Duka lilikuwa dogo, na pengine picha zililetwa rangi ingali mbichi. Basi alitandika kamba ndani ya duka, akazibana picha kwa vibanio vya nguo, zikaning'inia kama nguo zilizofuliwa. Mteja aliyezoea mabwana wakubwa wenye mazulia na viti vya mahameli aliinama chini ya kamba kama mtu apitaye uani. Huko chini ya kamba ndiko walikopita watu ambao majina yao sasa yameandikwa katika vitabu vya sanaa vya dunia nzima: Raoul Dufy, André Derain, Georges Braque, na Diego Rivera wa Mexico, ambaye Bibi Weill alimfanyia maonyesho yake peke yake mwaka 1914.

DIRISHA LA DUKA

Dirisha la duka ni ulimi wa mwenye duka. Katika miaka ile Ufaransa iligawanyika kwa sababu ya kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, askari Myahudi aliyehukumiwa mwaka 1894 kwa kosa la usaliti ambalo hakulitenda, wala hakusafishwa jina mpaka mwaka 1906. Mwandishi Emile Zola alisimama hadharani kumtetea, naye akatukanwa na kuzongwa na watu. Mfundi mmoja wa Kibelgiji aitwaye Henry de Groux aliichora hali hiyo: Zola katikati ya kundi la watu wenye ghadhabu. Bibi Weill aliiweka picha hiyo dirishani kwake.

Msomaji afikiri kidogo jambo hili. Mwenye duka hutaka wateja wa kila namna, na mtu mwenye hekima ya kibiashara peke yake angeweka dirishani maua na mandhari. Katika njia ile ile ya Victor-Massé alikuwa akikaa Edgar Degas, bingwa mkubwa wa sanaa, naye alikuwa mmojawapo wa wale waliomchukia Dreyfus na kabila lake. Bibi Weill alijua yote hayo. Wapita njia wenye chuki walimtolea maneno mabaya, naye hakuiondoa picha. Hapa ndipo tunapomwona mtu huyu kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu wake. Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi mkali, alikasirika upesi, na alipomwona mtu mjinga mwenye kiburi hakumficha maoni yake. Lakini aliloliona kuwa haki alisimama nalo.

KWA NINI HAKUTAJIRIKA?

Sasa tufike katika swali ambalo kila mfanya biashara atauliza. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuuza kazi za Picasso na za Matisse, ilikuwaje akafa bila mali?

Jibu ni hili. Biashara ya picha mpya ina njia tatu za faida. Ya kwanza ni kununua nyingi kwa bei ndogo, kuzifungia ghalani, na kungoja miaka 10 au 20. Ya pili ni kumfunga fundi kwa mkataba, ili cho chote atakachofanya kiwe chako. Ya tatu ni kununua na kuuza upesi kwa faida ndogo. Njia mbili za kwanza zinataka rasilmali, na Bibi Weill hakuwa nayo. Ilimpasa auze picha ya leo ili alipe kodi ya kesho na kumnunulia kijana mwingine. Faranga 50 zilizobaki hazikuweza kumfikisha mwaka wa kumi.

Wenziwe walikuwa nazo. Ambroise Vollard, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion katika Bahari yetu ya Hindi, mwaka 1906 aliingia chumbani kwa Picasso akanunua picha 20 kwa mara moja kwa faranga 2,000. Daniel-Henry Kahnweiler, aliyefungua duka mwaka 1907, mwaka 1912 alifunga mkataba na Picasso. Vijana waliopitia chini ya kamba ya nguo ya Bibi Weill walipoanza kung'aa, walihamia kwa mabwana hao, naye akabaki na wapya wasiojulikana. Hakuwafunga kwa karatasi, kwa hiyo hakuwa na karatasi ya kuwarudisha. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini Bibi Weill alichuma juani miaka mingi, na wengine ndio waliolia kivulini.

Tusidhani kwamba jambo hilo halikumwuma. Lilimwuma, naye alinung'unika waziwazi. Lakini kunung'unika ni kitu kimoja, na kubadili njia ni kitu kingine. Asubuhi yake aliendelea kufungua mlango kwa kijana mwingine.

Hapa tungependa kutaja mfano mmoja mzuri wa wanunuzi, maana wanunuzi wote hawakuwa wenye kunyonya. Mwaka 1904 mtu mmoja aitwaye André Level aliwakusanya jamaa na rafiki zake wakafanya shirika la kununua picha mpya. Kila fungu lilitoa faranga 250 kwa mwaka, na walipatana kungoja miaka 10. Level alikuwa akipita katika maduka madogo, na la Bibi Weill lilikuwa mojawapo. Tarehe 2 Machi, 1914, waliziuza picha zao zote mnadani. Picha moja ya Picasso waliyoinunua faranga 1,000 ilipata faranga 11,500, na mnada wote ulileta zaidi ya faranga 116,000. Kisha wakafanya jambo ambalo sheria haikuwalazimisha kulifanya: katika faida yao walitoa asilimia 20 wakawarudishia mafundi waliozichora. Wasomaji wetu wanaojua biashara ya shirika na ya mali kauli watafahamu upesi uzuri wa tendo hilo. Fundi alikuwa amekwisha lipwa bei yake tangu zamani. Hakuwa na dai. Lakini wale mabwana waliona ya kwamba thamani iliyozidi haikuzidishwa na wao peke yao.

MAONYESHO YALIYOVURUGIKA

Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ingali ikiendelea, Bibi Weill alihamia rue Taitbout. Mwezi wa Desemba alifungua maonyesho ya Amedeo Modigliani, kijana wa Kitaliani aliyekuwa mgonjwa wa kifua na maskini kabisa. Miongoni mwa picha zake zilikuwamo za wanawake wasiovaa nguo, na moja ilionekana dirishani. Mbele ya duka, ng'ambo ya njia, kilikuwapo kituo cha polisi. Watu wakajaa njiani kutazama. Mkuu wa polisi akamwita Bibi Weill avuke aende kwake, akamwamuru aziondoe picha zile.

Msomaji wetu hatatutazamia tuzisifu picha za namna hiyo, nasi hatuzisifu. Na kama mkuu yule alikuwa na haki au hakuwa nayo, hilo si shauri letu leo. Tunalotaka kulieleza ni lililofuata. Maonyesho yalivurugika, na kazi za karatasi mbili tu ndizo zilizouzwa, kila moja kwa faranga 30. Modigliani alikuwa ameyatumainia maonyesho hayo sana. Hayakupata kuwako mengine ya peke yake maishani mwake, kwa kuwa alikufa mwezi wa Januari, 1920, umri wake miaka 35. Bibi Weill, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha pata hasara, alinunua picha tano kwa fedha zake ili kijana yule asirudi mikono mitupu na moyo uliovunjika.

Mwezi wa Novemba, 2015, picha moja ya mfululizo ule ule wa Modigliani iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 170. Lau mtu angemwambia mkuu wa polisi wa rue Taitbout habari hiyo, angemdhania mwenda wazimu. Nasi twadhani hata Bibi Weill angecheka. Yeye alipozinunua zile tano hakuwa akihesabu mwaka 2015. Alikuwa akimtazama mtu aliyesimama mbele yake.

WANAWAKE WENZIWE

Zama zile mwanamke mchoraji alipata taabu mara mbili: taabu ya kujifunza, na taabu ya kupata mahali pa kuonyesha alichojifunza. Bibi Weill aliwapa wengi ukuta. Suzanne Valadon, binti wa dobi, aliyekuwa kwanza akikaa mbele ya wachoraji ili wamchore, kisha akajifundisha kuchora mwenyewe kwa kuwatazama, alionyesha kazi zake kwake. Kadhalika Marie Laurencin, Jacqueline Marval, na Emilie Charmy. Huyu Charmy ndiye aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi. Alimchora Bibi Weill katika nguo nyeusi, pamoja na miwani yake, na picha hiyo sasa imo katika jumba la sanaa la Montreal, Canada. Picasso naye alimchora kwa kalamu mwaka 1920, alipokuwa amekwisha kuwa tajiri. Nasi twaona ya kwamba hakumsahau kabisa yule aliyempa faranga 100 za mwanzo.

Ni vema tuseme pia ya kwamba hakuwaonyesha wanawake kwa huruma. Aliwaonyesha kwa sababu kazi zao zilimpendeza, na zisipompendeza aliwaambia, kama alivyowaambia wanaume. Heshima ya namna hiyo ni kubwa kuliko huruma.

Kutoka rue Taitbout alihamia rue Laffitte mwaka 1920, na mwaka 1934 akahamia rue Saint-Dominique. Mwaka 1933 alitoa kitabu cha maisha yake, *Pan! dans l'œil!*, jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifanya "Paa! la jicho!", kama sauti ya ngumi. Ndani yake alisimulia miaka 30 ya biashara yake kwa ulimi wake ule ule mkali, bila kujipamba.

SIKU ZA GIZA

Tarehe 14 Juni, 1940, jeshi la Ujerumani liliingia Paris. Muda si muda zikatolewa sheria za kuwaondoa Wayahudi katika kazi zao na kuwanyang'anya biashara zao. Nyumba ya B. Weill ikafungwa baada ya miaka karibu 40. Mwezi wa Juni, 1942, Wayahudi waliamriwa kushona nyota ya rangi ya manjano katika nguo zao. Mwezi uliofuata, tarehe 16 na 17 Julai, polisi walikamata Wayahudi zaidi ya 13,000 katika Paris na kando zake, wanaume, wanawake na watoto, na walio wengi hawakurudi tena.

Bibi Weill alikuwa na umri wa miaka 76. Aliishi kwa kujificha, hana duka, hana mapato, akiwategemea rafiki, na Mwenyezi Mungu akamhifadhi. Vita ilipokwisha alikuwa hai, lakini mzee, mgonjwa na fukara. Mtu angeweza kuiweka kalamu chini hapa, akasema: Hii ndiyo malipo ya wema duniani.

DENI LALIPWA

Lakini habari haikuishia hapo. Mwezi wa Desemba, 1946, mafundi wa picha na baadhi ya wafanya biashara wenzake walikusanyika kwa ajili yake. Kila mmoja alitoa kazi yake bure, zikapatikana kazi zaidi ya 80, na zote zikauzwa mnadani. Fedha zilizopatikana alipewa yeye, nazo zikamtosha kuishi bila ya kuomba mpaka mwisho wa umri wake.

Tuutazame mnada huo pamoja na ule wa mwaka 1914. Katika ule wa kwanza, wanunuzi waliwakumbuka mafundi. Katika huu wa pili, mafundi walimkumbuka aliyewanunulia. Hakuna mahakama iliyowaita. Hakukuwa na mkataba, kwa kuwa yeye hakumfunga mtu kwa mkataba. Lau angewafunga, wangemlipa kilichoandikwa, kisha wangekuwa huru naye. Kwa kuwa hakuwafunga, walibaki na deni ambalo halikuandikwa po pote, na deni la namna hiyo halina siku ya kwisha muda wake. Wahenga hawakukosea waliposema ya kwamba wema hauozi.

Mwaka 1948 serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Tarehe 17 Aprili, 1951, alifariki dunia, umri wake miaka 85.

Baada ya hapo jina lake lilisahauliwa muda mrefu. Vitabu vilivyosimulia habari za Picasso na Matisse viliwataja Vollard na Kahnweiler, na yeye akapewa mstari mmoja, au hata huo asipewe. Ni katika miaka hii ya karibuni tu ndipo wachunguzi walipozikusanya barua, kadi na orodha za maonyesho yake. Mwezi wa Oktoba, 2024, yalifunguliwa New York maonyesho makubwa yaliyofanywa kwa ajili yake, yakaenda Montreal, kisha mwaka 2025 yakafika Paris, katika jumba la Orangerie. Jina la maonyesho hayo huko New York lilichukuliwa katika yale maneno ya kadi yake, ila safari hii aliyetakiwa kupishwa hakuwa kijana. Watu waliambiwa wampishe Berthe Weill.

LA KUFIKIRI NYUMBANI

Tungependa wasomaji wetu wayazungumze mambo haya katika nyumba zao, wazazi pamoja na vijana.

Kwanza, kwa wazazi. Kijana anayeanza kazi ya mikono hana haja kubwa ya sifa. Ana haja ya mnunuzi wa kwanza. Faranga 100 alizopewa Picasso hazikuwa utajiri, lakini zilimwambia ya kwamba kazi yake ni kazi. Kama mwanao anachonga, au binti yako anashona kofia au anasuka mikeka ya nakshi, usimwambie tu "vizuri" kisha ukaenda dukani kununua kilichotoka ng'ambo. Nunua chake, na ulipe bei.

Pili, kwa wafanya biashara. Si haramu kutafuta faida, na Bibi Weill mwenyewe aliitafuta kila siku. Alinunua 100 akauza 150, na hakuona haya. Nasi hatusemi ya kwamba mtu afanye biashara bila hesabu, maana mwenye kufilisika hawezi kumsaidia mtu. Hata yeye, lau angekuwa na mshirika mwenye mali na mwenye moyo kama wa wale mabwana wa mwaka 1914, pengine asingefika uzeeni katika dhiki. Tunalosema ni kwamba yako mambo mawili ambayo hayaingii daftarini, nayo ni kumwona mtu mapema na kutomfunga mtu kwa shida yake. Mwenye kuyafanya hayo atapungukiwa leo, na pengine kesho pia.

Tatu, kwa vijana. Mafundi wale waliotoa kazi zao mwaka 1946 walifanya wema, lakini tusisahau ya kwamba mwanamke yule alikuwa amekwisha pita miaka mingi ya dhiki kabla yao kukusanyika. Alikuwa na miaka 81. Ewe kijana, mkumbuke aliyekununulia kazi yako ya kwanza, mwalimu aliyekupa kalamu, shangazi aliyekupa nauli. Mkumbuke angali anaweza kuuona mkono wako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuitambua kheri kabla haijasifiwa na watu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wale wanaolipa madeni ambayo hayakuandikwa. Amin.